Mzee Elkana na Neva ya Saba

Mimi nasema hivi, na mwenye kubisha abishe: mji wa Oyugis haujawahi kuwa na uso mkali kuliko uso wa Mzee Elkana Ombui. Askari wa trafiki walikuwa nao wa kazi, wakiuvua jioni pamoja na kofia. Mzee Elkana alilala nao.

Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko. Mimi nilikuwa fundi wa redio na saa kwenye baraza ya duka hilo, kwa hivyo kwa miaka tisa nilikaa chini ya uso huo kama mtu anayekaa chini ya mlima. Mteja aliyeingia kuulizia misumari ya inchi tatu alitazamwa mpaka akasahau misumari, akaanza kujieleza alikuwa wapi Sabato iliyopita.

Mwenyewe alijivunia. "Uso ni mtumishi," aliniambia mara nyingi, akiwa amesimama mlangoni, mikono nyuma. "Ukiuachia utakuaibisha mbele ya watu. Wangu hauendi mahali sijautuma."

Magonjwa nayo aliyadharau. Alisema malaria humpata anayeitafuta. Tangu aingie Oyugis kutoka Kisii, mwaka wa sabini na moja, hakuwa amelala kwenye kitanda cha hospitali hata siku moja, na hakuwa na mpango huo.

Kanisani kwetu, kanisa la Wasabato, alikuwa mzee wa kwanza na mwenyekiti wa kamati ya nidhamu. Mwaka huo ulikuwa wa tisini na saba, ule mwezi walimu walipogoma nchi nzima. Kamati yake ilikuwa imemsimamisha kiongozi wa kwaya, jamaa aitwaye Masese, miezi mitatu bila kufungua mdomo kuimba. Kosa lake ni kwamba alimkonyeza msichana wa sauti ya kwanza katikati ya ubeti. Mzee Elkana alimwona kwa macho yake mwenyewe. Akaamua kwamba Sabato inayofuata atapanda mimbarini, na somo litakuwa jicho.

Wiki hiyo mkewe, Bathsheba, alikuwa Kehancha kwa binti yao Edith, aliyekuwa amejifungua. Alibeba na kioo cha nyumbani kwa sababu cha Edith kilikuwa kimepasuka. Mzee hakuhisi kukikosa. Alinyolewa na kinyozi kila Ijumaa mchana kabla Sabato haijaingia, na alikuwa na msemo kwamba mwanamume anayejitazama sana mwisho hujipenda.

Sabato asubuhi aliamka na uso mzito upande wa kushoto, kama mtu aliyetoka kung'olewa jino. Akafikiri ni baridi ya dirishani. Akamimina uji ulioandaliwa jana yake, akanywa, uji ukateremka kwa pembe ya mdomo mpaka kwenye tai. Akageuza kikombe kutafuta ufa. Akaonja tena, upande mmoja wa ulimi ukamwambia hakuna sukari. Akaongeza vijiko vitatu, ulimi ukashikilia msimamo wake. Akalaumu sukari ya siku hizi. Kisha kengele ya kanisa, ile rimu ya lori tuliyoning'iniza kwenye mti, ikagongwa, na sikio lake la kushoto likaruka kana kwamba limepigwa nyundo. Akaapa kumwonya anayegonga.

Mambo matatu kabla ya saa tatu, na kila moja alilipatia mwenye makosa. Halafu akafuta tai, akachukua vitabu vyake, akaja kanisani.

Nilikuwa benchi la nyuma upande wa wanaume. Mzee alipanda, akakohoa, akatutazama sote mpaka kukawa kimya.

"Ndugu na dada," alianza, "dhambi haiingii kwa mlango. Inaingia kwa jicho."

Akakonyeza.

Nilidhani nimeona vibaya. Nikamtazama jirani yangu, na yeye alikuwa amenigeukia.

"Mtu asiyelinda jicho lake," Mzee akaendelea, "amefungua boma lake na kulala." Jicho la kulia likafunga, likafungua. Na mdomo wake, ambao miaka yote ulikuwa mstari mnyoofu kama wa rula, ulivutwa kulia ukawa tabasamu la nusu, lile la vijana wa steji ya matatu wanapoona gauni jipya.

Sasa, binadamu hupepesa macho mara kumi na tano kwa dakika, na zaidi akiwa na hasira. Mzee alikuwa na hasira. Mahubiri yalichukua dakika arobaini. Mwenye hesabu na apige.

Isitoshe, herufi zilikuwa zikimponyoka midomoni. "Wafendwa," alisema kwa sauti ya upole ambayo hakuikusudia, "jiefusheni." Upande wa wanaume mabega yalianza kutikisika. Wengine waliinama kana kwamba wanafunga kamba za viatu, wakiwemo waliovaa ndara. Upande wa akina mama benchi la kwanza lilivuta vitambaa vya kichwa mbele. Phelesia, mjane anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, alikunja mikono kifuani akamkazia macho. Bibi Nyakerario, aliyekuwa amevuka miaka sabini na kwa kawaida hulala kuanzia wimbo wa pili, aliketi wima.

"Hafa ndani kuna mtu," Mzee akanguruma, akiwageukia akina mama, "anayejua kwamba ninamsema yeye."

Akakonyeza.

Mlangoni, tulipokuwa tukipeana mikono, Phelesia alikataa kumpa wake. "Jaduong'," alimwambia kwa heshima ya Kijaluo, sauti ikiwa baridi kama maji ya mtungi, "mimi ni mjane, lakini si mjinga." Akaenda zake. Mzee akabaki na mkono hewani. Alifikiri somo limemchoma mahali, akafurahi.

Bibi Nyakerario naye aliushika mkono wake akakaa nao. "Asante mwanangu," alisema. "Tangu mzee wangu alale, hakuna aliyenikumbuka hivyo."

"Endelea vivyo hivyo, mama," Mzee akamjibu, na jicho likafanya kazi yake.

Jumapili saa nne baraza la kanisa likakutana. Phelesia alikuwa ameleta malalamiko, na akina mama wengine wawili wameyaunga mkono. Pasta Nicodemus aliongoza. Mimi niliitwa kama shahidi, kwa kuwa nilikuwa nikimwona mshtakiwa siku sita kwa wiki. Mzee Elkana aliketi kwenye kiti ambacho wiki tatu kabla alikuwa amemkalisha Masese, na sioni aibu kusema kwamba mwanzoni nilifurahia kidogo.

"Mzee," Pasta alisema, "unadaiwa kumkonyeza Dada Phelesia wakati wa ibada."

"Sijawahi kumkonyeza mtu maishani mwangu," alijibu. Akakonyeza.

Katibu aliinua kalamu. "Pasta, niandike yote mawili?"

"Andika alilosema."

"Na alilofanya?"

Pasta akafikiri. "Andika kwa penseli."

Saa ya pili ya kikao furaha yangu ilikuwa imeniishia. Kila alipokana alikonyeza, na kila alipokonyeza walimkasirikia zaidi. Angevuliwa uzee wa kanisa, jambo ambalo kwake lilikuwa sawa na kuvuliwa nguo sokoni. "Nimekaa na ninyi miaka ishirini na sita," alisema polepole. "Nikikosa husema nimekosa. Hili sikulifanya." Na mimi nilijua ni kweli, kwa sababu mtu huyo alikuwa na kasoro nyingi lakini uongo haukuwamo. Ila ningesema nini? Alikuwa akikonyeza.

Kisha chozi likamtoka jicho la kushoto, likateremka hadi kidevuni. Baraza likanong'ona. Mama mmoja akasema Roho ameanza kazi, akaanzisha wimbo wa toba. Tulikuwa kwenye kiitikio mlango ulipofunguka, Bathsheba akaingia na mkungu wa ndizi na begi lake la Kehancha. Njiani kutoka steji alikuwa amepewa habari na watu wanne, kila mmoja na toleo lake.

Aliweka ndizi chini. Hakumsalimu mtu. Alimwendea mumewe, akamshika kidevu, akamgeuza kwenye mwanga.

"Mmemtazama?" aliuliza.

"Tunamtazama tangu jana, mama," Pasta akasema.

"Mmetazama jicho linalofunga. Hili lingine nani amelitazama?" Akageuka. "Baba Edith, funga macho."

Mzee akafunga. La kulia likafunga vizuri. La kushoto likapanda juu, likabaki wazi, jeupe, likitutazama bila kutuona. Mtu wa karibu na mlango alitoka.

"Miaka ishirini na minane nimeishi na huyu," Bathsheba alisema. "Nikianza kuongea hufunga macho yote mawili. Haijawahi kuwa moja."

Hapo ndipo wanabaraza wakageuka kuwa madaktari. Mmoja akasema ni kiharusi, mwingine akasema kwa sauti ya chini kwamba amerogwa, halafu akakumbuka yuko kanisani. Mzee hakuwasikiliza. Aliomba kioo. Bathsheba akakitoa begini.

Akajitazama muda mrefu. Alijaribu kukunja uso, ule uso wake, na nusu ikaitika. Nusu nyingine ilining'inia tu kama pazia lililokatika kamba.

"Huyu ni nani?" aliuliza taratibu.

"Ni wewe," mkewe akasema. "Kesho tunaenda hospitali."

Akamrudishia kioo, akainuka, akamfuata.

Jumatatu niliwasindikiza hadi kituo cha afya, kwa sababu Bathsheba aliniomba nimshike mkono upande mmoja asije akatoroka. Benchi la wagonjwa lilikuwa nje, chini ya dirisha la chumba cha daktari, na nusu ya walioketi walikuwa washiriki wetu. Bibi Nyakerario alikuwa pale na goti lake.

Daktari alikuwa afisa wa kliniki, binti wa kutoka Kosele aitwaye Liz, hajafika miaka thelathini. Mzee alitazama nyuma yake kutafuta daktari mkubwa. Hakukuwa na mwingine.

"Mzee," Liz alisema, "kuna jozi kumi na mbili za neva zinazotoka kwa ubongo zikienda usoni, machoni, masikioni, kooni. Kila moja na kazi yake. Nitaziita moja moja kama mwalimu na rejista, tuone nani hayuko."

"Walimu wamegoma," Mzee akasema. Ilikuwa ishara nzuri kwamba bado yumo.

Daktari akafungua mkebe mdogo, akamfunika macho kwa kiganja, akamsogezea mkebe puani. "Neva ya kwanza ni ya kunusa. Hii ni nini?"

Mzee akarudisha kichwa nyuma. "Mimi Msabato. Situmii."

"Nimesema unuse, sijasema unywe."

"Hata hivyo."

"Neva ya kwanza haina dini, Mzee."

Akanusa kidogo, kama mtu anayeibiwa. "Kahawa," akakiri, kinywaji ambacho sisi Wasabato hatunywi.

"Na umejuaje?" Bathsheba akauliza kutoka pembeni. Mzee akajifanya kwamba swali hilo limeulizwa sikio bovu.

Neva ya pili ilikuwa ya kuona, akasoma kalenda ya ukutani jicho moja moja bila shida. Ya tatu, ya nne na ya sita, Liz alieleza, ni za kuzungusha macho, akampeleka kalamu juu, chini, kulia, kushoto. Dirisha lilikuwa wazi. Kule nje mazungumzo yakapungua. Walichokiona wao ni mzee wa kanisa akimzungushia macho msichana.

Ya tano alimgusa shavu la kushoto kwa pamba. "Unasikia?"

"Nasikia vizuri. Basi shavu si zima?"

"Kusikia mguso ni kazi ya neva ya tano, na iko kazini. Uma meno." Akauma. Benchi likasogea karibu na dirisha.

"Sasa inua nyusi. Jaza mashavu pumzi. Nionyeshe meno. Piga mluzi."

"Nimpigie nani mluzi?"

"Mimi."

Mzee akamtazama mkewe. Bathsheba akatikisa kichwa kwamba ruhusa imetolewa. Mzee Elkana Ombui akakusanya midomo, akapuliza. Hewa ilitoka kwa pembe ya kushoto na sauti ya bomba la baiskeli, lakini nia ilionekana wazi hadi nje. Nilisikia mtu akisema, "Huyu hajaacha."

Ya nane nikatoa saa niliyokuwa nikiitengeneza, ikawekwa sikioni, akaisikia. Ya tisa na ya kumi akasema "Aaa" kooni kukiangaliwa kwa tochi. Ya kumi na moja akaambiwa apandishe mabega, akayapandisha kama kijana anayeulizwa alikolala. Ya kumi na mbili daktari akasema, "Toa ulimi."

"Wote?"

"Wote."

Akautoa. Ndipo akageuza macho akaliona dirisha, na vichwa saba ndani yake, cha katikati kikiwa cha Bibi Nyakerario. Bibi akampungia mkono.

Liz alimpima na nguvu za mikono na miguu, kisha akaketi. "Si kiharusi, Mzee. Kiharusi mara nyingi kingekuachia kipaji cha uso kikunjike, na uso wako umelala kuanzia kipaji hadi kidevu. Neva kumi na moja ziko kazini. Ya saba, upande wa kushoto, imegoma."

"Kazi yake ni nini hiyo?"

"Ni ya uso. Inakunja uso, inafunga jicho, inashika midomo. Pia inaonja utamu mbele ya ulimi, na inalituliza sikio makelele yakizidi."

Nilimwona Mzee akifikiria uji, sukari na kengele. Nadhani alikuwa akiwasamehe watu watatu kimoyomoyo.

"Nilidhani mimi ndiye ninayeukunja," alisema hatimaye.

"Unaagiza wewe. Anayefanya ni yeye."

"Na nitapona?" Sauti ilikuwa ndogo. Bathsheba alisogea akasimama karibu na bega lake.

"Wengi hupona. Wiki kadhaa, labda miezi. Nitakupa vidonge, na matone ya jicho, na ukilala ulifunge kwa plasta lisikauke. Halafu mazoezi mbele ya kioo, mara tatu kwa siku. Utatabasamu mara ishirini na kukonyeza mara ishirini, kila jicho."

Mzee alikunja nusu ya uso iliyobaki. "Mimi huwa sitabasamu."

"Ndiyo maana siwezi kujua kama misuli hiyo iliwahi kufanya kazi," Liz akasema, akaanza kuandika barua.

Barua hiyo ilisomwa na Pasta Nicodemus Sabato iliyofuata. Ilieleza ugonjwa, ikamaliza kwa kusema kwamba mgonjwa anaruhusiwa, na kwa afya yake anahimizwa, kukonyeza. Phelesia alisimama mbele ya wote akaomba radhi, akamletea Bathsheba omena wa kujaa gorogoro, ule mkebe wa kupimia sokoni. Bibi Nyakerario peke yake ndiye aliyeonekana kuhuzunika.

Basi tukaingia miezi miwili ya ajabu pale dukani. Kioo kilitundikwa juu ya mabati, na mara tatu kwa siku Mzee alisimama mbele yake akihesabu. Wateja walikuja kutoka mbali kununua msumari mmoja mmoja. Alipowaambia bei haipungui, jicho liliwaambia wasubiri, wakasubiri.

Siku moja alimwita Masese. Nilikuwa pale. Alimkalisha kwenye gunia la saruji, akamwambia kwa taabu, midomo ikiwa bado haijamtii vizuri, kwamba amefikiria sana, na kwamba huenda naye alihukumiwa bure. "Huenda ilikuwa neva," alisema. "Nitaliambia baraza urudi kwenye kwaya."

Masese alikuna kichwa. "Mzee, asante. Lakini mimi nilimkonyeza kweli. Tunaoana Aprili."

Mzee alimtazama. Akarudi kwenye kioo, akaanza upya kuhesabu kutoka moja. Lakini Masese aliimba Sabato iliyofuata.

Uso ulirudi polepole, kama watu wanaorudi kazini baada ya mgomo, mmoja mmoja na bila kuomba msamaha. Kwanza nyusi, halafu shavu, mwisho kope. Kufikia Januari Mzee alikuwa akifunga macho yote mawili kila mkewe alipoanza kuongea. Liz akamwambia amepona. Kioo kikarudi nyumbani.

Ila kuna kitu kilikuwa kimebaki. Wateja walisema amelainika. Mara moja nilimsikia akimshukuru mtu.

Alhamisi moja ya Februari Bathsheba alileta chakula cha mchana dukani, amevaa kitambaa kipya cha kichwa, cha rangi ya machungwa. Aliweka sufuria kwenye kaunta. Mzee akamtazama. Akatazama barabara upande huu, akatazama upande ule. Mimi nikainamia redio. Kisha, kwa makusudi kabisa, kwa mara ya kwanza katika ndoa ya miaka ishirini na minane, akamkonyeza mkewe.

Bathsheba akarudisha kifuniko kwenye sufuria.

"Vaa koti," akasema. "Neva imegoma tena."

"Mama Edith, ngoja..."

"Usiongee, utaichokoza." Tayari alikuwa amemshika mkono wa shati, na sokoni watu walikuwa wameanza kusimama kutazama.

Mzee alifungua mdomo. Aliona jinsi atakavyoeleza, mbele ya umati ule, yeye mzee wa kwanza wa kanisa, kwamba safari hii alikonyeza kwa kutaka mwenyewe. Akaufunga. Akavaa koti, akaongozwa hadi kituo cha afya, akapimwa neva zote kumi na mbili tangu ya kahawa, akakubali vidonge vya siku saba.